Mia kwa Mia ya Mama

Mama aliposhindwa mtihani wa udereva mara ya kwanza, mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumfundisha. Huo ndio ukweli, na heri niuseme mapema kabla sijaonekana mtoto mwema. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya usanifu wa mafunzo, fani ambayo kila nikiitaja watu huniuliza kama ni ualimu, nami hujibu kwamba ni kazi ya kupanga namna somo litakavyofundishwa hata mwalimu asipokuwepo. Mradi wa mwisho ulitaka kila mmoja wetu atengeneze somo la mtandaoni, ampe mwanafunzi halisi, apime kama amejifunza, kisha aandike ripoti. Wenzangu waliwachukua wafanyakazi wenzao ofisini. Mimi nilimchukua mama.

Alikuwa na miaka sitini na tatu. Anaishi Thika, kwenye nyumba tuliyolelewa, na mimi nimepanga Ruiru, upande wa Gatongora, orofa ya tatu ya ploti, jengo la vyumba vya kupanga ambalo maji hupanda Jumanne na Ijumaa tu. Uani kwake, chini ya mabati, kulikuwa na pikapu ya marehemu baba. Kila Jumapili nilikwenda kuipasha moto injini, nikaiendesha hadi barabara ya lami na kuirudisha. Mama alikaa upande wa abiria, mkoba magotini, amevaa viatu vya kanisani.

Kaka yangu, kifungua mimba, anaishi Nakuru. Kwenye kikao cha familia mwanzoni mwa mwaka alisema gari linaloozea uani halimsaidii mtu, liuzwe. Hakusema kwa ubaya. Ana njia yake ya kusema mambo utadhani yameshaamuliwa na mtu mwingine, yeye katumwa tu kuyasoma. Mama akasema atajifunza kuendesha. Kaka akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Tukakubaliana hivi: Krismasi ikifika mama awe amepita mtihani, pikapu ibaki. Asipopita, iende.

Kuendesha kwenyewe hakukumsumbua. Baba alikuwa amemzoeza zamani kuisogeza uani, na mwalimu wa shule ya udereva alisema mkono wake umetulia kuliko wa vijana. Kilichomwangusha ni bodi. Bodi ni meza pana iliyochorwa mji mzima: barabara kuu, njia za upande mmoja, raundabauti, hospitali, kituo cha mafuta. Mtahini hukupa kigari cha kuchezea, akakwambia kiko hapa, kipeleke pale. Kabla hujakisogeza lazima useme unashika leni gani, unampisha nani, unaonyesha ishara ipi. Ukikwama hapo, barabarani hufiki. Siku ya kwanza mama alikishika kile kigari akasimama nacho mpaka mtahini akamwomba akiweke chini.

"Nilisahau kila kitu, maitu," aliniambia kwa simu.

Maitu kwa lugha yetu maana yake ni mama yangu. Mimi ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya yake mzaa mama. Mama ameniita hivyo tangu nikiwa kwenye nepi. Hata akinituma dukani, hata akinigombeza, ni maitu. Mtu hukua na jina kama hilo asisikie tena linasema nini.

Nikamwambia asijali, nitamtengenezea somo.

Wakati huo nilikuwa nimezama mtandaoni miezi mitatu. Nilikuwa na kurasa arobaini na moja zimefunguka kwenye kompyuta, najua idadi kwa sababu ilipozima yenyewe nililia. Nilitazama video za bure za watu waliokaa mbele ya rafu nadhifu za vitabu wakieleza jinsi ubongo unavyobeba mzigo. Nilizitazama kwa kasi maradufu ili nizimalize kabla bando ya saa moja haijaisha. Nilimaliza kozi fupi kumi za bure na kupata vyeti kumi vyenye nyota ya dhahabu pembeni, nikavihifadhi kwenye faili niliyoiita Vyeti, sikuifungua tena. Nilijiunga na vikundi vya wasanifu wa mafunzo wa nchi za mbali, ambako watu waligombana kwa adabu kuhusu rangi ya kitufe.

Nadharia zilinipendeza. Sisemi zilinisaidia, nasema zilinipendeza. Kulikuwa na zile za tabia, zinazosema mtu hujifunza anapotuzwa kwa jibu sahihi na kulirudia. Kulikuwa na zile za akili, zinazotaka habari ikatwe vipande vidogo ili isimlemee mtu. Na zile za kujenga, zinazosema hakuna anayeweza kumimina maarifa ndani ya mwenzake, kila mtu hujijengea yake kutokana na anayoyafanya na anayoyajua tayari. Katika ripoti nilisema somo langu linaegemea kujenga. Neno lenyewe lilikuwa linavaliwa sana mwaka ule. Ukilitazama somo lenyewe lakini, lilikuwa tabia tupu, kengele na nyota.

Nililitengeneza kwenye jukwaa moja la bure linalofunguka kwa simu. Nilikwenda shule ya udereva nikaipiga bodi picha, nikaikata picha vipande, nikaandika maswali thelathini. Gari liko hapa, linakwenda hospitali, lishike leni gani? Majibu matatu, A, B na C. Ukipatia, kengele inalia na nyota ya kijani inaruka. Ukikosa, maandishi ya upole yanakwambia ujaribu tena. Mhadhiri wangu alisema muundo ni safi.

Nilimwekea mama kwenye simu yake Jumapili moja baada ya kanisa. Nikamwambia arudie kila siku mpaka apate mia kwa mia.

"Mia?"

"Mia kwa mia, Mami. Hiyo ndio inaonyesha umeshika."

"Na usipopata mia inakuwa aje? Wewe?"

"Mimi naandika tu kile umepata."

"Waandike nini, hao walimu wako?"

"Marks, Mami. Wanipee marks."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa miwani. Mazungumzo yale nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko nadharia yoyote. Nilimjibu bila kumwangalia, nilikuwa nasawazisha mwangaza wa simu.

Kutoka Ruiru niliona maendeleo yake kwenye skrini. Jukwaa lilinichorea mstari. Siku ya kwanza arobaini. Siku ya tatu hamsini na tatu. Mstari ukapanda wiki ya pili, ukafika themanini, tisini, na siku ya kumi na tisa ukagonga dari ukakaa pale. Mia, mia, mia. Nilifurahi. Nilifurahi kwa namna ambayo haikumhusu mama hata kidogo. Nilipiga picha ya ule mstari nikaubandika kwenye ukurasa wa thelathini na moja wa ripoti, chini yake nikaandika kwamba mwanafunzi alifikia umahiri kamili. Nikaituma. Mhadhiri alinipa alama nzuri sana, akaandika kwamba angependa kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka unaofuata kazi yangu. Jina langu likaingia kwenye orodha ya mahafali.

Mtihani wa pili wa mama ulikuwa Agosti, asubuhi ya baridi ile ya Thika inayoingia kwenye mifupa. Nilimsindikiza. Watahiniwa walipangwa foleni nje ya chumba, wengi wao vijana wa bodaboda waliovaa makoti mazito, wakimpisha mama mbele, wakimwita nyanya kwa lugha yetu, "Cucu, wewe ingia kwanza." Aliingia na mwalimu wake wa udereva. Nilikaa kwenye ukuta mfupi nikasoma ujumbe wa kikundi cha wasanifu kuhusu rangi ya kitufe.

Hakukaa sana. Alitoka ameshika mkoba kwa mikono miwili, uso wake haukuonyesha kitu. Akaja moja kwa moja hadi nilipoketi.

"Na yako ilipita?" akaniuliza.

Sikumwelewa. "Yangu gani?"

"Ile ya shule. Ya simu."

"Ilipita, Mami. Nilikwambia. Na ya leo?"

"Hii nimeanguka," alisema. "Lakini kama yako ilipita, si mbaya."

Tukaenda hoteli moja karibu na stendi kunywa chai. Mwalimu wa udereva alitufuata, akavuta kiti. Alikuwa mwanamume wa makamo, mcheshi, na nilimwona anajizuia kucheka, si kwa dharau, ni kwa vile alikuwa ameshuhudia jambo ambalo hajawahi kuliona tangu aanze kazi hiyo.

"Mtahini ameuliza mama, kutoka hapa kwenda kwa petrol station utashika leni gani," akasema. "Mama akasema B."

Nikaweka kikombe chini.

"Mtahini akauliza, B ni nini, mama? Akasema ni jibu. Akaulizwa ya pili, hata kabla swali iishe akasema A. Ya tatu, A. Wueh."

Mama alikuwa anakata mandazi vipande vidogo vidogo. "Alianzia katikati," alisema. "Hakufuata laini. Angeanzia mwanzo ningemaliza zote."

"Laini gani, Mami?"

Hapo ndipo alipoimba. Kwenye meza ya hoteli, saa nne asubuhi, kwa sauti ya chini ya alto aliyoitumia kanisani miaka thelathini. B, A, A, C, B, C, C, A. Aliimba herufi zote thelathini, beti tatu za herufi kumi kumi, kwa lahani ya wimbo wa sadaka. Kwaya ya akina mama ya kanisa lao hufundishwa nyimbo mpya kwa nota za do re mi, herufi zikiandikwa ubaoni, na mama hushika herufi kwanza, maneno baadaye. Hivyo ndivyo ameshika kila wimbo anaoujua. Nilikuwa nimempa herufi. Alizishika.

Kwenye lile jukwaa kuna kitufe cha kuchanganya maswali na majibu ili yasitokee kwa mpangilio uleule kila mara. Chenyewe huja kimezimwa, nami sikukiwasha. Nilikijua. Nilikuwa nimetazama video nzima juu ya kitufe hicho, kwa kasi maradufu.

"Lakini Mami, barabara zenyewe? Ulizielewa?"

"Zile picha ni ndogo, maitu. Na ulisema mia." Akanywa chai. "Nilifikiri ile ni mtihani yako. Si ulisema ndio wakupee marks? Yangu nilijua nitasoma baadaye."

Mwalimu wa udereva aliacha kutabasamu. Akasema ana mwanafunzi anamsubiri, akaondoka. Mimi nilibaki nikimtazama mama, na nitasema nilichohisi: niliona aibu, na chini ya aibu nilikuwa na hasira, na hasira ile ilitafuta mahali pa kutua ikapakosa. Wiki tatu alikaa na simu akijifunza kwa bidii, na alichokuwa anajifunza ni kunipitisha mimi.

Siku nne sikufanya kitu. Nilikwenda kazini, nikarudi Gatongora, nikapika, nikajiambia kwamba ripoti ilishasomwa na alama zilishawekwa. Hakuna aliyeumia. Siku ya tano nilifungua ukurasa wa thelathini na moja nikasoma sentensi yangu ya umahiri kamili, nikamsikia mama akiimba B, A, A, C. Nikamwandikia mhadhiri. Ningependa kusema ni uadilifu. Nadhani zaidi ilikuwa ni kwamba siwezi kuvumilia kitu kibovu chenye jina langu. Ni tabia mbaya ninayoishi nayo, hata kitasa kikilegea siwezi kulala.

Mhadhiri alijibu kwa mistari mitatu. Alinishukuru kwa kusema. Alama zimefutwa, nirekebishe somo, nipime upya, niwasilishe Januari. Mahafali ya mwaka huo yatanipita.

Jumapili nilimwambia mama tukiwa uani, mkono wangu ukiwa juu ya boneti ya pikapu inayonguruma.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alikuwa ameshashona kitenge cha mahafali yangu. Si yeye peke yake, akina mama wote wa kwaya walikuwa wameshona kitenge kimoja, cha kijani na maua meupe, na walikuwa wameshapanga nani atakaa wapi.

"Mimi nilikupatia mia," alisema. "Wewe ukaenda ukairudisha."

"Haikuwa ya kweli, Mami."

"Ilikuwa ya kweli! Siku kumi na tisa nimekaa na hiyo simu, macho inauma. Sasa tumeanguka wote wawili. Mimi nilikuwa nimepita yako. Wewe ndio umeanguka."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Siku ile hakukaa upande wa abiria. Niliendesha pikapu peke yangu hadi lami na kurudi, nikaizima, nikaweka funguo mahali pake juu ya friji, nikarudi Ruiru. Kaka alinitumia ujumbe wiki hiyo kwamba amepata mtu wa Witeithie, jirani na Thika, anayetaka kuiona pikapu Disemba. Sikumjibu.

Mama hakunipigia simu wiki mbili. Nilipopiga, alisema yuko mazoezini, na nyuma yake nilisikia akina mama wakicheka.

Jumapili ya tatu niliwakuta. Nilisukuma geti nikasimama. Uani kote, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mabati ya pikapu, kulikuwa kumechorwa mistari ya jivu. Ilinichukua muda kuona kwamba ni bodi. Raundabauti ilikuwa beseni la kufulia lililofunikwa. Hospitali ilikuwa kiti cha plastiki. Kituo cha mafuta kilikuwa mtungi wa gesi, na nadhani hilo lilikuwa wazo la mtu mwenye maana yake. Akina mama wanane wa kwaya walikuwa wanatembea juu ya mistari, bado wamevaa nguo za kanisani, na mama alikuwa katikati ameshika mwiko.

Baadaye ndipo nilipojua ilianzaje. Aliwaambia wenzake baada ya mazoezi kwamba ameanguka mara mbili, na kiongozi wa kwaya, mama mmoja mnene asiyeficha mdomo, akauliza hiyo bodi iko namna gani hata imuangushe mtu mzima. Mama akachukua jivu jikoni akawachorea. Wakataka kujua mtu anaanguka vipi. Ili kuwaonyesha, ikabidi kwanza ajue yeye mwenyewe. Mwalimu wa udereva alikuwa ameitwa mara mbili kusuluhisha ubishi.

"Simama!" mama alikuwa anamwambia kiongozi wa kwaya. "Umeingia aje na huyu anatoka kulia kwako? Amekugonga. Umekufa."

"Yeye ndio anatembea polepole."

"Ata kama anatambaa! Anatoka kulia, ni wake. Rudi nyuma uanze."

Nilitoa simu nipige picha. Mradi mzima wa kujenga maarifa ulikuwa umechorwa uani kwetu kwa jivu, nami nilikuwa nimeukosa kwa majuma mawili kwa kujifungia na kurasa zangu arobaini na moja.

"Weka hiyo simu," mama alisema. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwangu ana kwa ana tangu ugomvi. "Kuja hapa uwe lori. Hatuna lori."

Nikawa lori. Nilitoka kwenye mtungi wa gesi nikaelekea hospitali, na kwenye raundabauti nilishika leni ya nje wakati nilipaswa kushika ya ndani, kwa kuwa nilikuwa nageuka kulia. Nina leseni miaka kumi na mbili. Mama alinipiga mwiko begani, taratibu, mbele ya kwaya nzima.

"Huyu ndio ati aliandika maswali," aliwaambia, na wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya hospitali.

Niliwatazama hadi jua lilipoanza kushuka, na nikagundua kwamba katika ripoti ya kurasa hamsini sikuwa nimeandika popote jinsi mama anavyojifunza. Fomu ya chuo ilikuwa na nafasi ya maelezo ya mwanafunzi, nami nilijaza umri, lugha, na aina ya simu. Sikuandika kwamba anashika kwa masikio. Sikuandika kwamba akiambiwa jambo na mtu anayemheshimu haulizi swali, lakini mbele ya mtu anayekosea huwezi kumzuia. Nilimjua maisha yangu yote, nikamsahau pale nilipomwita mwanafunzi.

Wenzake walipoondoka nilimwomba simu yake. Nikaingia kwenye somo, nikawasha kitufe cha kuchanganya.

"Ufanye tu mara moja, Mami. Usiponipa mia hakuna shida. Hii si ya marks zangu."

"Ni ya nini?"

"Ni yako."

Alinitazama juu ya miwani kuona kama nina njama. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa hospitali akaanza. Alikwama sana. Mara tatu aliinuka, akaenda kusimama juu ya jivu, akageuka, akanyoosha mkono huku na huku, akarudi kujibu. Hakuimba. Mwishoni skrini ikaonyesha sitini na tatu, ambayo ni kumi na tisa kati ya thelathini. Kwa alama hiyo hakukuwa na kengele wala nyota.

"Ona," alisema. "Imeanguka."

"Sitini na tatu ni nzuri."

"Ni miaka yangu," alisema, akacheka kidogo bila kutaka. Halafu akaitazama tena ile namba. "Hizi nazijua, maitu. Zote kumi na tisa. Niulize yoyote."

Nikamwuliza. Alizijua. Zile kumi na moja alizokosa tukaenda kuzitembea, mimi lori, yeye kila kitu kingine, mpaka jivu likafutika kwa miguu yetu. Wiki zilizofuata aliichora bodi upya kila Jumamosi. Mvua za Novemba zilipoanza aliihamishia sebuleni, kamba za manila zikiwa ndiyo mistari.

Mtihani wa tatu uliangukia mwanzoni mwa Disemba, siku kumi kabla kaka hajaja na mnunuzi wake. Nilitoka Ruiru asubuhi, nikafika nyumbani nikamkuta tayari ameketi kwenye pikapu, upande wa usukani. Alikuwa amebandika herufi L nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma.

"Leo utaenda ukiwa umekaa hapo," alisema, akinionyesha kiti cha abiria.

Aliendesha polepole mno, na katika raundabauti ya kwanza alisimama akampisha mwenye mkokoteni aliyetoka kulia, huku magari nyuma yetu yakipiga honi. Hakutikisika. Tulipofika alizima injini, akanipa funguo nimshikie, akaingia kwenye foleni.

Safari hii sikusoma simu. Nilikaa kwenye ule ukuta mfupi nikahesabu watu wanaoingia na kutoka. Alikaa ndani muda mrefu. Mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba mtahini alimsimamisha upande wa pili wa meza, mji wote ukiwa juu chini, na mama akamwomba ruhusa azunguke kwanza. Aliizunguka meza yote kwa miguu, akarudi palepale aliposimamishwa, akaanza kujibu.

Mlango ulipofunguka hakuja kwangu. Alipita na mtahini hadi kwenye gari la shule, akaingia upande wa dereva, wakatoka barabarani. Hapo nikajua bodi imepita. Baada ya dakika kama ishirini hivi nikaliona likirudi, likaegeshwa vizuri katikati ya mistari, na mama akashuka, akafunga mlango, akauvuta kuhakikisha umefungika. Mtahini alimwandikia kitu kwenye karatasi, akampa mkono wa hongera. Aliisoma yote, akaikunja, akaitia mkobani.

Akaja hadi nilipoketi, nikainuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lake. Nilikuwa hata nimepanga jibu, kwamba yangu bado, mpaka Januari, na asiwe na wasiwasi.

Hakuniuliza. Alinyoosha mkono.

"Leta funguo, maitu."

Nikampa, nikampokea mkoba wake, nikazunguka upande wa abiria, nikauweka magotini kwangu.